Iwake Kwanza, Ing'are Baadaye: Vidokezo vya Kufufua Honda CG ya Zamani Nyumbani

Nyumba nyingi zina pikipiki iliyolala nyuma ya stoo, chini ya turubai lililochanika. Mara nyingi ni Honda CG 125. Ilikuwa ya baba enzi za ubwana shamba wake, au ya mjomba aliyefundisha shule ya mbali, na siku ilipogoma ikasukumwa pale "kwa muda". Tangu hapo kuku wanataga juu ya siti.

Habari njema ni kwamba CG ni pikipiki inayosamehe. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwalenga watu wa nchi ambako mizigo ni mizito, barabara ni mbovu na oili hubadilishwa siku ikikumbukwa. Ndiyo maana kamshafti yake haikuwekwa juu ya hedi pamoja na cheni yake ndefu. Iko chini, inazungushwa kwa gia, na vali zinasukumwa kwa fito mbili. Vya kuharibika humo ndani ni vichache. Anayeharibu mambo ni mwenye pikipiki mwenyewe: injini haijatoa hata mlio mmoja, yeye keshanunua rangi, stika na siti mpya. Basi twende kwa utaratibu.

1. Anza na kadi, si spana.
Kabla hujafungua nati yoyote, linganisha namba ya injini na namba ya chesisi na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Pikipiki iliyopita mikono mitatu huenda ilishabadilishwa injini na mtu asijali kuandikisha. Kama mwenye jina kwenye kadi amefariki au alihama siku nyingi, anza kufuatilia umiliki mapema, maana hilo litachukua muda mrefu kuliko kabureta.

2. Zuia mguu wako.
Kila mtu akiiona pikipiki iliyolala hutaka kupiga kiki. Usipige. Vua plagi, mimina vijiko viwili vya oili nyepesi ndani ya silinda, uiache hadi kesho yake. Kisha weka gia ya juu kabisa na usukume gurudumu la nyuma taratibu kwa mkono, mbele na nyuma. Likizunguka, umepona. Likigoma, ongeza oili, subiri siku kadhaa, jaribu tena. Ringi zilizoshikana na silinda kwa kutu huachia kwa subira. Ukizilazimisha kwa kiki zinavunjika, na hapo umejitafutia kuchonga silinda na kununua pistoni.

Wakati unasubiri, chungulia matundu yote. Nyigu wa udongo hupenda sana bomba la ekzosi, na hata vimpira vidogo vya kumwagia mafuta ya kabureta huvijaza udongo hadi vikaziba. Panya naye hujenga ndani ya boksi la chujio la hewa. Kuna pikipiki zimepelekwa kwa mafundi wawili watatu na kubadilishwa koili, kumbe zilikuwa zimezibwa pumzi na kiota.

3. Picha na makopo.
Piga picha kila hatua, hasa njia za waya na upande ambao springi imekaa. Bolti za sehemu moja zikae kopo moja, na kopo liandikwe. Kazi hii haitaisha wikiendi moja hata kama umepanga hivyo.

4. Skrubu za Kijapani zina bisibisi yake.
Msalaba wa skrubu za Honda ya zamani haulingani sawasawa na bisibisi ya kawaida ya msalaba tuliyozoea. Inaingia, lakini haifiki chini. Ukikaza mkono inapanda na kula kichwa cha skrubu. Tafuta bisibisi za kipimo cha Kijapani, zinazotambulika kwa herufi JIS, au lainisha ncha ya ile uliyonayo kwa jiwe la kunolea hadi ikae vizuri. Kwa mifuniko ya pembeni ya injini tumia bisibisi ya kugonga, ile inayozunguka yenyewe ukiipiga nyundo. Pigo moja la uhakika linafanya kazi kuliko nusu saa ya kukunja uso.

5. Tangi: kutu isifike kwenye kabureta.
Petroli iliyokaa miaka inanuka vanishi na haiwaki. Imwage mbali na jiko, mbali na watoto, mbali na mwenye sigara. Mulika ndani kwa tochi. Ukiona kutu nyekundu, vua koki, ziba tundu lake, weka ndani kipande cha cheni chakavu au nati za kuhesabika, ongeza maji kidogo yenye sabuni na utikise hadi mikono iume. Zihesabu nati wakati wa kuzitoa.

Kisha jaza maji ya moto yaliyoyeyushwa unga wa ndimu, kama gramu 100 kwa kila lita, uache usiku kucha. Asubuhi mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuua ile asidi, suuza tena, na ukaushe papo hapo juani. Ukichelewa, bati lililo tupu linaanza kushika kutu upya mbele ya macho yako. Likishakauka zungushia oili kidogo ndani kama hujaweka petroli siku hiyo hiyo.

Na usimruhusu mtu achomelee tangi linalovuja kwa sababu tu "limekauka". Mvuke wa petroli hubaki ndani, na ndio unaolipuka.

6. Kabureta, palipo na ugonjwa mwingi.
Kama ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya kusafisha, ningechagua hii. Petroli ikikaukia humo huacha utando wa kahawia, na utando huo huziba tundu dogo kuliko yote, la jeti ya sailensa.

Kabla hujafungua skrubu ya mchanganyiko wa hewa, ikaze taratibu hadi iguse chini huku ukihesabu mizunguko, uandike idadi yake. Ndipo uitoe. Ukiruka hatua hii utakuja kukisia.

Toa bakuli la chini, toa floti, toa sindano yake, toa jeti zinazotoka. Loweka kwa dawa ya kusafishia kabureta, kisha pulizia upepo kila njia na uhakikishe unatokea upande wa pili. Sasa ishike jeti ya sailensa kati ya vidole viwili, iinue kuelekea kwenye mwanga na uchungulie kwa jicho moja. Unachotafuta ni duara lililotimia. Ukiona mwezi mwandamo, au nukta yenye kingo zilizochanika, bado kuna uchafu umeng'ang'ania. Ilowekwe tena. Ikishindikana, tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme. Usiguse jeti kwa pini wala waya wa chuma, maana tundu likipanuka hata kwa unywele, pikipiki itakunywa mafuta kupita kiasi na hutajua kwa nini.

Angalia pia ncha ya sindano ya floti. Kama ina mfereji uliochimbika kuizunguka, haizibi tena, na kabureta itamwaga petroli hata pikipiki ikiwa imeegeshwa. Ibadilishe. Ni kitu cha bei ndogo, wala si mahali pa kubana matumizi.

7. Plagi haitoi moto? Fuata waya kinyumenyume.
Chomeka plagi kwenye kofia yake, ilaze juu ya chuma cha injini, mbali na tundu la silinda na mbali na petroli, kisha piga kiki ukitazama kivulini. Moto mzuri ni wa buluu na unasikika ukipiga. Mwekundu uliofifia hautoshi, ingawa mifumo ya volti 6 haijawahi kung'aa kama ya sasa.

Hakuna moto kabisa? Jaribu plagi mpya kwanza, kisha kofia ya plagi. Halafu fanya hivi: tafuta waya mweusi wenye mstari mweupe unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, uchomoe, jaribu tena. Kwenye Honda hizi, waya huo kazi yake ni kuua moto kwa kuupeleka ethi. Moto ukirudi baada ya kuuchomoa, koili yako ni nzima. Mbovu ni swichi, au waya umechubuka mahali ukagusa chesisi. Kipimo hiki hakihitaji mita wala fundi, na kimeokoa koili nyingi zilizokuwa zitupwe.

Kama bado kimya, nenda kwenye pointi. CG za mwanzo zinazitumia: ni ncha mbili ndogo zinazofunguka na kufungana nyuma ya flaiwili, na kwa kawaida unazifikia kupitia matundu yake. Baada ya miaka ya kulala hupata ukungu wa kijivu unaozuia umeme. Zipitishie msasa laini sana, kisha vuta karatasi safi katikati yake hadi itoke bila doa. Zinapofunguka hadi mwisho pengo liwe milimita 0.3 hadi 0.4, na zianze kufunguka pale alama ya F kwenye flaiwili inapokutana na alama ya kwenye injini. Pengo la plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7. CG za baadaye zina CDI, yaani moto wa kielektroniki, badala ya pointi, kwa hiyo hapo hakuna cha kusugua.

8. Kidole gumba ni kipimo.
Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki. Mgandamizo ukikitupa kidole nje, injini ina uhai. Ukiweza kukizuia bila shida, mimina kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, urudie. Nguvu ikipanda, ringi au silinda zimelika. Ikibaki vilevile, shuku vali.

Lakini kabla ya kufungua hedi, pima tapeti. Injini iwe baridi. Zungusha flaiwili hadi alama ya T ikae mahali pake na fito zote mbili ziwe na ulegevu kidogo. Kama moja imekazwa, zungusha mzunguko mmoja mzima tena. Fila ya milimita 0.08 ipite kwa kusitasita, kwa vali zote mbili. Tapeti zilizokazwa mno huacha vali wazi kidogo, mgandamizo unatoroka, na watu wanadhani pistoni imekwisha.

9. Oili ya zamani itoke yote.
Kumwaga tu hakutoshi. CG haina chujio la karatasi. Ina kichungi cha nyavu na kikombe kinachozunguka kwa kasi upande wa klachi ili uchafu ugande kwenye kuta zake. Fungua ubavu wa kulia ukikute kikombe hicho, na usishangae kukiona kimejaa matope meusi ya miaka yote ile. Chokoa, safisha kwa mafuta ya taa, weka gasketi mpya.

Weka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Oili nyingine za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya CG inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo. Ikishaizoea itaanza kuteleza mlimani.

10. Imewaka. Sasa isikilize.
Iwashe nje au mlango ukiwa wazi, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wa ekzosi una gesi isiyonuka inayoua mtu akiwa ameketi. Kisha tazama dalili zake.

*Inakubali kwa choki tu, ukiifunga inazima.* Jeti ya sailensa bado chafu, au kuna hewa inaingia kati ya kabureta na hedi. Kagua mpira na gasketi za hapo.

*Inakwenda dakika kadhaa, inazima, ukipumzika inawaka tena.* Hii ndiyo inayowatoa watu jasho. Siku nyingine ikizima, fungua kifuniko cha tangi hapo hapo kabla hujagusa kitu. Ukisikia "fsss" ya hewa inayoingia, kazi imekwisha: katundu ka kupumulia kwenye kifuniko kameziba, tangi likajivuta, petroli ikashindwa kushuka. Kazibue. Kusipokuwa na mlio huo, ndipo ushuku kondensa au koili inayochoka ikipata joto, na upime moto wa plagi wakati huo huo, si baada ya chai.

*Moshi wa buluu.* Inakula oili. Ukitoka zaidi unapokaza mwendo, ni ringi. Ukitoka unapoachia mafuta kwenye mteremko kisha ukakaza tena, mara nyingi ni sili au gaidi za vali. Moshi mweusi ni petroli nyingi. Mweupe wa asubuhi unaokatika injini ikipata moto ni mvuke wa maji tu, uache.

*Inamisi mvua ikinyesha.* Kofia ya plagi au waya wake una ufa. Gizani utaona vicheche vikicheza pembeni.

Na klachi ikiwa imeganda, yaani umekamata mkono wake na bado gia inaingia kwa kishindo na pikipiki inaruka, usifungue chochote kwanza. Ipashe injini moto ikiwa imesimama, izime, weka gia, kamata klachi na uisukume mbele na nyuma. Sahani zilizogandana kwa oili ya zamani huachana zenyewe mara nyingi.

Safari ya kwanza ikiisha, vua plagi uisome. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi, mafuta yamezidi. Nyeusi inayong'aa kwa unyevu, oili inapanda. Nyeupe kabisa, hewa imezidi na injini inaungua; usiende mbali nayo.

11. Umeme wa volti 6 unataka usafi.
Kwa CG nyingi za zamani moto wa plagi hautegemei betri, ndiyo maana inawaka hata bila betri. Lakini taa na honi zitakusumbua, na tisa kati ya kumi ni viunganishi vilivyoota kutu ya kijani, si waya zilizokatika. Chomoa kila kimoja, safisha, rudisha. Angalia volti za balbu kabla ya kununua: balbu ya volti 12 kwenye mfumo wa 6 itawaka kama mshumaa, nawe utaanza kulaumu magneti.

12. Breki na matairi kabla ya kutoka getini.
Unapofungua habu usipulizie lile vumbi. Brekishuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake si la kuvuta. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kitupe. Brekishuu ikiwa imeloa grisi, badilisha. Kuichoma moto ili ikauke ni ujanja usiodumu.

Tairi lenye meno marefu linaweza kuwa zee. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 2312, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Likiwa na nyufa, au likiwa na tarakimu tatu tu (yaani lilitengenezwa kabla ya 2000), lifanye bembea ya watoto. Badilisha pia waya za breki na klachi kama nyuzi zimeanza kukatika karibu na mkono.

13. Spea: nenda na kitu chako mkononi.
Hapa mwenye CG ana bahati. Injini za bodaboda nyingi za kutoka China zilinakili muundo huu wa fito, kwa hiyo Kariakoo jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi hukosi pistoni, gasketi na sahani za klachi. Ila kunakili si kulingana. Pistoni ya CG 125 ya kawaida ina kipenyo cha milimita 56.5, pima na pini yake pia, na urefu. Usikubali "hii inaingia, bosi" mpaka uilaze ya zamani juu ya kaunta pembeni ya mpya. Na vile vya asili vilivyochoka kidogo tu, kama kabureta ya Keihin au habu, visafishe uvirudishe. Kabureta ya asili iliyosafishwa mara nyingi huishinda mpya ya bei poa.

14. Rangi, mwishoni kabisa.
Iendeshe kwanza majuma kadhaa na mikwaruzo yake. Utagundua inavuja wapi, inatikisika wapi, na hutalazimika kufungua tena kitu ulichokwisha kipiga rangi. Kromu yenye vidoa vya kutu isugue kwa karatasi ya foili iliyoloweshwa maji. Inatoka vizuri bila kukwaruza. Stika za tangi kama bado zinasomeka, ziache.

Ukishapaka chesisi, kwangua rangi pale bolti ya ethi inapoingia na pale injini inapofungwa, hadi chuma kionekane, upake grisi kidogo ndipo ufunge. Pikipiki nyingi zilizotoka kwa mpaka rangi ziking'aa, taa zote zikazima, zilikuwa na tatizo hilo tu.